Wijk aan Zee: mashindano ya chesi yaliyoanza na watu wanne, na nafasi ya mchezaji asiye na bendera

Kila Januari, wachezaji 14 wa chesi walio miongoni mwa bora duniani hukutana Wijk aan Zee, kijiji kidogo cha pwani nchini Uholanzi, si mbali na jiji la Amsterdam. Hukaa hapo zaidi ya wiki mbili, na kila mmoja hucheza na kila mwenzake mara moja. Leo mashindano hayo huitwa Tata Steel Chess, lakini wapenzi wa mchezo huyaita tu "Wijk". Yalianza mwaka 1938 yakiwa na wachezaji wanne.

Makala hii inaeleza historia ya mashindano hayo kwa wasomaji wetu wa Bwiza na mitaa ya jirani, wenyeji kwa wakimbizi. Bwiza ni mtaa ambapo Kirundi, Kiswahili na Kifaransa husikika kwenye meza moja, na mchezo wa ubao hauhitaji lugha yoyote kati ya hizo. Lakini mkimbizi anayeipenda chesi na kutaka kuicheza kwa dhati hukutana mapema na swali gumu: nikienda kwenye mashindano, nitaandikwa chini ya nchi gani? Wijk aan Zee imelijibu swali hilo zaidi ya mara moja.

Kwa ufupi

- Yalianza: 1938, katika mji wa Beverwijk, Uholanzi.
- Yalihamia Wijk aan Zee: 1968.
- Majina: Hoogovens hadi 1999, Corus kuanzia 2000 hadi 2010, Tata Steel tangu 2011.
- Kundi la juu leo: wachezaji 14, raundi 13.
- Aliyeshinda mara nyingi zaidi: Magnus Carlsen wa Norway, mara 8.
- Mwaka ambao hayakufanyika: 1945, kwa sababu ya vita.

Mwanzo: kiwanda cha chuma na meza mbili

Hoogovens ilikuwa kampuni ya chuma yenye kiwanda kikubwa karibu na Beverwijk. Kati ya wafanyakazi wake walikuwamo wapenzi wa chesi, na kampuni ikakubali kugharimia mashindano madogo. Mwaka 1938 walicheza watu wanne, wote Waholanzi, na Philip Bakker akashinda. Kwa hesabu, watu wanne wakicheza kila mmoja na mwenzake ni michezo sita tu. Zinatosha meza mbili na siku tatu.

Jambo la kushangaza kuhusu mwanzo huo ni kwamba haukuwa na jambo la kushangaza. Hapakuwa na bingwa wa dunia, wala ukumbi wa kifahari. Kilichokuwapo ni ahadi ya kurudi mwaka unaofuata, na ahadi hiyo ilitunzwa. Hata Ujerumani ilipoivamia Uholanzi mwaka 1940, mashindano yaliendelea. Max Euwe, Mholanzi aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1935 hadi 1937, alishinda mwaka 1940 na tena 1942.

Vita hivyo viliwaumiza vibaya wachezaji wa nchi hiyo. Salo Landau, bingwa wa Uholanzi wa mwaka 1936, alikuwa Myahudi ambaye familia yake iliikimbia Galicia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, naye akakulia ugenini. Mwaka 1942 alijaribu kukimbia kwa mara ya pili, safari hii kuelekea Uswisi, akakamatwa njiani. Alikufa mwaka 1944 katika kambi ya Wanazi. Mke wake na binti yao mdogo waliuawa Auschwitz.

Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 sehemu kubwa ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali. Mwaka 1945 mashindano hayakufanyika.

Supu ya njegere

Yaliporudi mwaka 1946, waandaaji walifanya jambo jipya: waliongeza wachezaji hadi kumi na kualika wageni kutoka nje ya nchi. Alberic O'Kelly de Galway wa Ubelgiji akashinda.

Chakula kilikuwa bado haba. Kwenye karamu ya kufunga mashindano, wageni waliandaliwa supu ya njegere, kwa kuwa ndicho kilichopatikana. Miaka ikapita, njaa ikaisha, wachezaji wakawa watu mashuhuri wanaolipwa vizuri, lakini supu ile haikuondolewa mezani. Hadi leo ni desturi ya Wijk aan Zee. Aliyewahi kupanga foleni ya mgao wa chakula ataelewa kwa nini watu walioshiba wanaweza kutaka kukumbuka ladha ya mwaka wa njaa.

Mwaka 1968 mashindano yalihama Beverwijk yakaenda Wijk aan Zee, kijiji kilicho kati ya kiwanda na bahari. Ukumbi unaotumika huko, De Moriaan, ni ukumbi wa michezo wa kijiji. Uhusiano wa kijiji na kiwanda si wa furaha tupu, kwani wakazi wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu vumbi na moshi. Lakini kila Januari nyumba za wageni hujaa wachezaji.

Viktor Korchnoi: mkimbizi aliyerudi kushinda

Mshindi wa kwanza baada ya kuhamia Wijk aan Zee, mwaka 1968, alikuwa Viktor Korchnoi wa Umoja wa Kisovyeti. Alishinda tena mwaka 1971. Wakati huo alicheza chini ya bendera ya nchi kubwa kuliko zote katika chesi.

Julai 1976, baada ya mashindano mengine mjini Amsterdam, Korchnoi hakurudi nyumbani. Alikwenda polisi kuomba hifadhi ya kisiasa. Inasimuliwa kwamba alimwuliza mchezaji mwenzake wa Kiingereza, Tony Miles, jinsi ya kuandika maneno "hifadhi ya kisiasa" kwa Kiingereza, kwa sababu hakuwa na hakika ya herufi zake.

Shirikisho la chesi la Kisovyeti lilitaka aondolewe katika safu ya kuwania ubingwa wa dunia. Rais wa Shirikisho la Chesi la Dunia, FIDE, wakati huo alikuwa Max Euwe, yuleyule mshindi wa Beverwijk wa mwaka 1940. Euwe alikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba haki ya kucheza ni ya mchezaji aliyeipata kwenye ubao, na kuhama nchi hakuifuti. Korchnoi akaendelea, akawafunga wapinzani watatu wa Kisovyeti mfululizo, na mwaka 1978 akakutana na bingwa wa dunia, Anatoly Karpov, mjini Baguio, Ufilipino.

Huko Baguio ugomvi wa bendera ulianza kabla ya kete ya kwanza kusogezwa. Korchnoi alikuwa anaishi Uswisi na alitaka bendera ya Uswisi iwekwe upande wake wa meza. Upande wa Karpov ulipinga, ukisema yeye si Mswisi. Uamuzi uliofikiwa ni kwamba mezani pasiwe na bendera yoyote. Karpov alishinda kwa michezo sita dhidi ya mitano.

Korchnoi alilipa gharama kubwa. Mke wake na mwanawe walibaki Umoja wa Kisovyeti. Mwanawe alifungwa kwa kukwepa jeshi, na familia iliruhusiwa kuondoka mwaka 1982 tu. Kwa miaka kadhaa wachezaji wa Kisovyeti walisusia mashindano ambayo Korchnoi amealikwa, na mwandaaji aliyemwalika alijua kwamba angewakosa wengine. Ususiaji huo ulipokwisha, mwaka 1984 Wijk aan Zee iliona jambo lisilotarajiwa: Korchnoi na Alexander Beliavsky wa Umoja wa Kisovyeti walimaliza pamoja kileleni. Mwaka 1987, akiwa na miaka 55, alishinda tena, akigawana nafasi ya kwanza na Nigel Short wa Uingereza. Kwa hiyo jina lake limo mara nne katika orodha ya washindi: mara mbili akiwa na nchi aliyozaliwa, mara mbili akiwa mtu aliyeikimbia. Alifariki Uswisi mwaka 2016.

Kutoka Kasparov hadi Carlsen

Garry Kasparov alishinda mara tatu mfululizo, 1999, 2000 na 2001. Naye alikuwa na habari yake ya kukimbia. Alizaliwa na kukulia Baku, Azerbaijan, na mama yake alikuwa Muarmenia. Januari 1990, Waarmenia waliposhambuliwa mjini humo, aliondoka kwa ndege pamoja na jamaa zake, akaupoteza mji wa utoto wake.

Mchezo wake dhidi ya Veselin Topalov wa Bulgaria, uliochezwa Wijk aan Zee Januari 1999, huhesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa michezo mizuri kuliko yote. Kasparov alitoa ngome yake iliwe, kisha akaanza kumfukuza mfalme mweusi. Mfalme huyo alitolewa nyumbani kwake, akavuka ubao mzima, akaishia kwenye mstari wa mwisho wa upande wa adui. Anayejifunza chesi auchezee mchezo huu kwenye ubao wake, hatua kwa hatua.

Viswanathan Anand wa India alishinda au kugawana ushindi mara tano kati ya 1989 na 2006. Mwaka 2003, aliyemaliza wa pili nyuma yake kwa nusu alama tu alikuwa mwanamke, Judit Polgár wa Hungaria.

Kisha akaja Magnus Carlsen, na njia yake inaonyesha vizuri mfumo wa mashindano haya. Mwaka 2004, akiwa na miaka 13, alishinda kundi la tatu, C. Mwaka 2006 aligawana ushindi wa kundi la pili, B. Mwaka 2007 akaingia kundi la juu na kumaliza mkiani pamoja na mwenzake mmoja. Mwaka 2008, katika kundi hilohilo, aligawana nafasi ya kwanza. Alishinda tena 2010, 2013, 2015, 2016, 2018, 2019 na 2022.

Wenyeji walisubiri sana. Baada ya Jan Timman kushinda mwaka 1985, hakuna Mholanzi aliyeshinda hadi Jorden van Foreest mwaka 2021. Washindi waliofuata baada ya Carlsen ni Anish Giri (2023), Wei Yi (2024) na Praggnanandhaa wa India (2025).

Alireza Firouzja: chini ya bendera ya FIDE

Desemba 2019, shirikisho la Iran liliwazuia wachezaji wake kwenda kwenye mashindano ya dunia ya chesi ya haraka mjini Moscow, ili wasikutane na Waisraeli. Alireza Firouzja, kijana wa miaka 16, aliamua kucheza hata hivyo. Aliandikwa chini ya bendera ya FIDE, bila nchi, na akamaliza wa pili katika chesi ya haraka.

Wiki chache baadaye, Januari 2020, alikaa mezani Wijk aan Zee katika kundi la juu, bado chini ya bendera ya FIDE. Mwaka 2021 alirudi katika hali hiyohiyo na kumaliza nusu alama tu nyuma ya viongozi wawili. Siku ya mwisho mambo hayakwenda sawa: mchezo wake ukiwa bado unaendelea, aliombwa ahamie meza nyingine ili mechi ya kuamua bingwa ipate nafasi. Alilalamika waziwazi, na wengi walimwunga mkono. Katikati ya mwaka huo akawa mchezaji wa Ufaransa.

Firouzja hakupitia kambini, na safari yake ilikuwa na milango mingi iliyofunguka haraka. Lakini kanuni iliyomfungulia mlango haikuandikwa kwa ajili yake peke yake.

Ukumbi mmoja kwa wote

Wijk aan Zee si mashindano ya wakubwa peke yao. Katika ukumbi uleule mamia ya wachezaji wa kawaida hucheza kwa wakati mmoja: walimu, wanafunzi, wastaafu, mafundi. Wengi hupangwa katika makundi ya watu kumi wenye uwezo unaokaribiana. Anayeshinda kundi lake hupanda ngazi mwaka unaofuata. Na mshindi wa kundi la pili la wakubwa hupata nafasi katika kundi la juu.

Mfumo huu una faida mbili. Kwanza, dhaifu hapotezi siku zake akipigwa na mwenye nguvu, bali hucheza na wa kiasi chake. Pili, kila mtu ana kitu cha kupigania, hata aliye kundi la mwisho kabisa.

Afrika na kanda yetu

Afrika ina ubingwa wake wa mchezaji mmoja mmoja, ulioanza Cairo mwaka 1998. Robert Gwaze wa Zimbabwe aliushinda mwaka 2007 mjini Windhoek. Katika mji huohuo mwaka 2014 alishinda Kenny Solomon wa Afrika Kusini, na ushindi huo ukampa cheo cha grandimasta, cha juu kuliko vyote katika chesi. Solomon anatoka Mitchells Plain, Cape Town, mtaa uliojengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kwa nguvu enzi za ubaguzi wa rangi. Mwaka 2016 ubingwa huo ulichezwa Kampala, karibu kabisa na sisi.

Kwa wakimbizi, hatua kubwa ilianzia Kakuma, Kenya. Mwaka 2021 FIDE, UNHCR na shirikisho la chesi la Kenya walianzisha huko mradi wa kufundisha chesi. Na katika Olimpiadi ya Chesi ya mwaka 2024 mjini Budapest, timu ya wakimbizi ilishiriki kwa mara ya kwanza.

Mkimbizi anaandikwa chini ya nchi gani?

Kucheza kirafiki hakuhitaji karatasi yoyote. Maswali huanza mchezaji anapotaka michezo yake ihesabiwe kimataifa.

- Namba ya FIDE. Kila mchezaji anayehesabiwa ana namba yake. Kwa kawaida huombwa kupitia shirikisho la nchi. Kanuni za FIDE zinamtambua mkazi, si raia peke yake, kwa hiyo njia fupi ni kuanza na shirikisho la nchi unamoishi. Burundi ni mwanachama wa FIDE.
- Bendera ya FIDE. Mchezaji asiye na shirikisho linaloweza kumwandikisha anaweza kuandikwa moja kwa moja chini ya FIDE, kama Firouzja.
- Alama za kiwango. Ili jina liingie kwenye orodha ya dunia, inahitajika michezo isiyopungua 5 dhidi ya wachezaji ambao tayari wana alama. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini kwenye orodha ni 1400.
- Safari. Namba ya FIDE si pasipoti. Anayealikwa nje ya nchi anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotajwa katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Nchini Burundi, ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi ni ONPRA. Uliza mapema, usisubiri mwaliko ufike.

Kuanza na wanne hapa Bwiza

Wijk aan Zee ilianza na ratiba ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika nyuma ya daftari. Wapeni wachezaji namba 1 hadi 4 kwa kura. Anayetajwa kwanza anacheza nyeupe.

- Raundi ya 1: 1 na 4, 2 na 3.
- Raundi ya 2: 4 na 3, 1 na 2.
- Raundi ya 3: 2 na 4, 3 na 1.

Ushindi ni alama 1, sare ni nusu, kushindwa ni sifuri. Zinahitajika mbao mbili, na saa ya simu ikikosekana ya chesi. Ubao unaweza kuchorwa kwenye katoni, na vifuniko vya chupa vilivyoandikwa herufi vikawa kete. Mkiwa kumi, raundi zitakuwa tisa na michezo 45: mchezo mmoja kila Jumamosi humaliza mashindano ndani ya miezi mitatu.

Wekeni daftari moja la matokeo, liandikwe majina, tarehe na alama, na mtu mmoja alitunze. Wachezaji wa mtaa wa wakimbizi huhama: mmoja anarudi Kongo, mwingine anapata nchi ya tatu, mwingine anahamishiwa kambini. Daftari likibaki, mashindano yanabaki, na aliyeondoka ana mahali jina lake limeandikwa. Tunajua Philip Bakker alishinda mwaka 1938, akiwa mmoja wa watu wanne, kwa sababu kuna aliyeandika.